Degedege Huanzia Kwenye Damu

Katika malaria ile tunayosema imempanda mtoto kichwani, kimelea hakiingii ndani ya ubongo. Hakigusi hata seli moja ya neva. Kinabaki ndani ya seli nyekundu ya damu, seli hiyo inabaki ndani ya mshipa, na ukuta wa mshipa unasimama kati yake na ubongo. Hata hivyo mtoto anakakamaa, macho yanageuka, povu linamtoka, na mama aliyelala na mtoto mwenye homa ya kawaida anajikuta alfajiri amembeba mtoto asiyeitika.

Ninafundisha baiolojia sekondari na nimekulia Muheza, mkoani Tanga. Hakuna mada ninayoifundisha inayonishika kama hii, kwa sababu kwetu degedege halikuhesabiwa kuwa malaria. Malaria ilikuwa homa, kutapika, viungo kuuma, na dawa yake ilikuwa zahanati. Degedege lilikuwa na mambo yake. Kuna ndege amepita juu ya nyumba usiku, kuna shetani kamchezea mtoto, na wa kumtafuta ni fundi, yaani mganga wa kienyeji. Mtoto alifukizwa kwa kinyesi cha tembo, aliogeshwa mkojo, alichanjwa chale. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliyakuta mambo kama hayo hayo. Na juu ya yote palikuwa na katazo moja ambalo kila mwanamke wa mtaani kwetu alilijua: mtoto wa degedege asichomwe sindano, akichomwa atakufa.

Sipendi namna katazo hilo linavyosimuliwa kwenye semina za afya, watu wakicheka. Wanawake wale walikuwa na macho. Waliona kwamba watoto wawili wenye homa ileile si wagonjwa wa namna moja, na katika hilo walikuwa sahihi kabisa. Waliona pia kwamba watoto wengi waliofukizwa walipona. Degedege nyingi za watoto wadogo husababishwa na joto la homa peke yake. Hukoma zenyewe ndani ya dakika chache, na mtoto huamka akataka kunyonya. Moshi ukiwa umewashwa wakati huo, sifa zinaenda kwa moshi. Wachache ambao ndani ya mishipa yao mlikuwa na jambo zito zaidi hawakuamka. Ndio waliokimbizwa hospitali siku ya pili au ya tatu, wakachomwa sindano wakiwa wameshachelewa, na wakafa mbele ya mama zao sindano ikiwa ndiyo kitu cha mwisho kilichowagusa. Ukiyatazama kwa mpangilio huo, katazo lile lina mantiki yake. Kilichokosekana ni habari ya yaliyokuwa yakitendeka ndani ya mwili tangu homa ilipoanza.

Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini. Ni mfuko laini uliojaa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, wenye upana wa mikromita 7 hadi 8, na kapilari nyingi, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, ni nyembamba kuliko hapo. Kila inapopita lazima ijikunje. Ulaini huo ndio kibali chake cha kuendelea kuishi, maana bandama huchuja damu mchana na usiku na kuziondoa seli zilizokakamaa.

Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria hii, kikishaingizwa na mbu hukaa kwanza kwenye ini kwa muda wa kama wiki moja, bila homa wala dalili yoyote. Kisha hutoka kwa maelfu na kila kimoja hujitafutia seli nyekundu. Humo ndani kinakula hemoglobini, kinakua, kinajigawa, na baada ya saa 48 hivi seli inapasuka na kizazi kipya kinatoka kutafuta seli nyingine. Homa na baridi ile ya kutetemesha huja na mipasuko hiyo.

Lakini saa hizo 48 hazifanani. Katika sehemu ya kwanza kimelea ni kichanga. Ukikitazama kwa hadubini unakiona kama pete ndogo, na seli yake bado inazunguka na damu nyingine. Kadiri kinavyokua, seli inazidi kuwa ngumu, na ikipita kwenye bandama itakamatwa. Basi kimelea kinatengeneza protini yake chenyewe, PfEMP1, kinaisukuma mpaka juu ya uso wa seli na kuipandikiza kwenye vinundu vidogo. Protini hiyo inanata kwenye ukuta wa mshipa. Seli haizunguki tena, haifiki kwenye bandama, na kimelea kinamalizia ukuaji wake kikiwa kimejishikiza pale. Kina jeni kama 60 za kuitengeneza protini hii kwa namna mbalimbali, na kinatumia moja kwa wakati. Kinga ya mtoto ikishaitambua ya kwanza, kinaleta nyingine. Ndiyo sababu mtoto wa huku kwetu huugua mara kwa mara kabla mwili wake haujajifunza kuzuia ile kali.

Hapa nataka nigusie karatasi ya majibu. Tumezoea kusema mtoto amepimwa, ana malaria mbili, ana malaria tano, na idadi ikiwa ndogo tunapumua. Tone la damu la kidoleni linaonyesha vile vinavyozunguka, yaani vichanga. Vilivyokomaa na kunata kwenye kuta za mishipa ya ubongo, utumbo na viungo vingine havimo kwenye tone hilo. Mtoto anayeitwa na haitiki, au asiyeweza kukaa wala kunyonya, ana malaria kali hata karatasi ikisema mbili.

Mahali seli hizi zinaponata nako kuna maana. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa nchi kadhaa, Watanzania wakiwemo, lilionyesha kwamba vimelea vya malaria kali hushika kipokezi kimoja kwenye ukuta wa mshipa kiitwacho EPCR. Kazi ya kila siku ya kipokezi hicho ni utulivu: humsaidia mtu kwa kuifanya protini C izuie damu isigande ovyo na kuta zisivuje. Kimelea kikikalia nafasi hiyo, mshipa unaziba na ulinzi wake unaondoka kwa wakati mmoja. Maji yanaanza kupenya kutoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo. Kimelea chenyewe bado kiko upande wake wa ukuta.

Upande wa pili kuna seli za neva, na hizi ni seli ghali kupita zote. Ubongo wa mtu mzima aliyetulia hutumia kama asilimia 20 ya nguvu ya mwili mzima. Wa mtoto wa miaka mitano hukaribia nusu ya nguvu anayoitumia kwa siku. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo inakwenda kwenye kazi moja. Nje ya seli ya neva sodiamu ni nyingi, ndani ni kidogo, na tofauti hiyo pamoja na ya potasiamu ndiyo inayoweka umeme wa kama milivolti 70 kwenye ngozi ya seli. Sodiamu haiachi kuvuja kuingia ndani, na pampu hazikomi kuitoa. Ni chombo cha mbao chenye nyufa kilichoko baharini: kinaelea kwa sababu kuna mabaharia wanaofua maji usiku kucha, na mabaharia hao wanataka kula. Chakula chao ni sukari na oksijeni inayoletwa na kapilari zilezile zilizoziba.

Na sukari yenyewe inapungua. Seli nyekundu yenye kimelea hutumia glukosi mara nyingi zaidi ya seli nzima, mtoto hajala tangu jana, na ini lake limechoka. Pampu zikipungukiwa, seli za neva zinakuwa karibu na kuwaka muda wote. Katika hali ya kawaida zipo neva ambazo kazi yake ni kuzuia wenzake. Hutoa kemikali ya GABA, ambayo huruhusu kloridi kuingia kwenye seli ya jirani na kuituliza. Kuzuia nako kunahitaji nguvu. Uzuiaji ukilegea na homa ikiwa nyuzi 40, neva moja inawasha ya pili, ya pili inawasha kundi, na maelfu yanawaka kwa pigo moja. Tunachokiona sisi ni mkono unaoruka na meno yaliyoumana.

Wakati mwingine hatuoni hata hicho. Mpwa wangu alilazwa akiwa na miaka mitatu. Mtetemeko ulikuwa umekoma tangu njiani, na nilipokaa kando ya kitanda chake nilimshukuru Mungu kwamba sasa amelala. Muuguzi wa zamu alipita, akasimama, akainama.

“Dada, huyu hajalala. Mwangalie kidole.”

Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kinacheza, kidogo sana, kwa mpigo sawasawa. Kope ya upande uleule ilikuwa inafuata. Pumzi ilikuwa inakwenda, inakatika, inakwenda. Kumbe degedege lilikuwa linaendelea kichwani, misuli tu ndiyo ilikuwa imechoka kulionyesha. Alimtoboa kidole kingine kupima sukari, ikawa chini. Wakampa glukosi kwenye mshipa, kisha diazepamu, dawa inayoisaidia GABA kufanya kazi yake. Kidole kikatulia. Watafiti wa Kilifi, Kenya, wamepima umeme wa ubongo wa watoto wa aina hii na kukuta jambo hilohilo: baadhi ya watoto wanaodhaniwa wamezimia tu wako katikati ya degedege lisiloonekana kwa macho.

Ukisikia hivyo utauliza kwa nini kila mtoto wa malaria ya ubongo asipewe dawa ya kuzuia degedege tangu anapoingia mlangoni. Kilifi waliuliza pia, wakalijaribu kwa makini, na matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Watoto 340 waligawanywa: nusu walipewa fenobabito mara moja, dozi kubwa, na nusu hawakupewa. Degedege lilipungua sana kwa waliopewa. Lakini kati yao walikufa 30, na kwa wasiopewa walikufa 14. Huwa nawasomea wanafunzi wangu namba hizi na darasa linanyamaza. Kituo kinachoendesha pumzi kiko kwenye shina la ubongo, nacho kimejengwa kwa neva zilezile zinazotulizwa na GABA. Dawa inayozima moto wa juu inaweza kuzima na pumzi, hasa mtoto akipewa na diazepamu mara kwa mara mahali pasipo na mashine ya kupumulia. Nadhani hakuna utafiti wa Afrika Mashariki unaonyesha wazi kuliko huu kwamba kuondoa dalili na kumwokoa mtoto yanaweza kuwa mambo mawili tofauti.

Malawi ndiko tulikojifunza jinsi watoto hawa wanavyokufa. Katika hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, kundi la madaktari Terrie Taylor na Malcolm Molyneux lilifuatilia malaria ya ubongo kwa miongo kadhaa. Mwaka 2004 walichapisha matokeo ya watoto 31 waliofariki wakiwa wametambuliwa kuwa na ugonjwa huo. 7 kati yao walikuwa wameuawa na kitu kingine, vimelea vikiwa vimo kwenye damu tu. Katika nchi ambako watoto wengi hutembea na vimelea bila kuumwa, kipimo chenye mistari miwili hakimalizi maswali. Kwa hiyo daktari akitaka kuchoma sindano ya mgongoni kupima homa ya uti wa mgongo wakati malaria imeshaonekana, hasumbui mtoto bure. Alama iliyosaidia kuliko zote kuwatofautisha watoto hao ilikuwa nyuma ya jicho: mabaka meupe na mishipa iliyobadilika rangi kwenye retina, ambayo ni tawi la ubongo mtu anaweza kulichungulia bila kupasua.

Kisha ikaja mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya ubongo. Kati ya watoto 168 waliopigwa picha, walikufa 25, na 21 kati ya hao ubongo wao ulikuwa umevimba vibaya tangu siku waliyofika. Fuvu haliongezeki. Ubongo unaovimba unasukumwa chini, unalikandamiza shina lake, na pumzi inasimama. Miongoni mwa walionusurika ambao nao walikuwa wamevimba, uvimbe ulishuka, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Hilo linanipa matumaini kuliko takwimu nyingine zote za ugonjwa huu. Maana yake ubongo mwingi wa mtoto anayekufa haujaharibika bado. Umebanwa, na unasubiri mtu avushe saa chache.

Sasa narudi kwenye sindano. Kwa vizazi vingi dawa ya malaria kali ilikuwa kwinini, na kwinini hufanya kazi vizuri kwa kimelea kilichokwisha kukua, yaani kile ambacho tayari kimeshanata. Vile vichanga vinavyozunguka haiviui vizuri. Saa chache baadaye navyo vinakwenda kunata. Artesuneti, dawa ya sindano iliyokuja baadaye, inatokana na mmea wa Artemisia annua, kwenye kemikali ya artemisinini iliyotolewa na kundi la Tu Youyou huko China miaka ya 1970. Chuma kinachoachwa kimelea kinapokula hemoglobini ndicho kinachoiamsha dawa hii, hivyo mlo wa kimelea unageuka sumu yake, na inakiua tangu kingali pete. Seli ambayo ingenata kesho haifiki kunata. Mwaka 2010 yalitoka majibu ya majaribio yaliyohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Muheza na Korogwe zikiwa miongoni mwa vituo. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9. Waliopewa artesuneti walikufa asilimia 8.5. Watoto wa wilaya yetu walikuwemo kwenye hesabu iliyobadilisha matibabu ya dunia, na watu wengi wa Muheza ninaozungumza nao hawajawahi kuambiwa.

Kwa hiyo sindano iliyokatazwa na bibi zetu ndiyo hasa inayomvusha mtoto, na inamvusha zaidi ikiwahi kabla kizazi kile cha vichanga hakijakomaa. Nikiwaeleza akina mama kwa njia hii, kwa saa na kwa kunata, sijawahi kuona mtu akibishana nami kuhusu ndege. Wanauliza maswali mazuri. Mmoja aliniuliza, kama zahanati haina mtu usiku, afanye nini? Ipo artesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa kwa watoto chini ya miaka sita, ya kumsindikiza mtoto akiwa njiani kwenda kunakochomwa sindano. Safari inabaki palepale. Mwingine aliuliza kuhusu kijiko mdomoni. Usiweke kijiko, wala kidole, wala mafuta ya taa, wala maji. Mlaze ubavu, ondoa vinavyoweza kumuumiza, angalia saa, na mkiondoka ondokeni kweli.

Mwili wa watu wa huku ulikuwa umeanza kupigana kabla ya dawa zote. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtu aliyerithi jeni moja ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria. Leo tunajua sehemu ya sababu: katika seli zake PfEMP1 haipangwi vizuri juu ya uso, na kunata kunakuwa dhaifu. Kilifi wamekuta kundi jingine la damu, Dantu, ambalo ngozi ya seli zake imekaza kiasi kwamba kimelea kinashindwa kuingia. Bei ya ulinzi wa selimundu inalipwa na mtoto anayerithi jeni mbili, ambaye huugua selimundu yenyewe, na kwa familia hizo sitaki kuuita ulinzi huu zawadi.

Kimelea nacho hakijakaa kimya. Mabadiliko ya jeni ya K13, yanayokifanya kichelewe kufa kwa artemisinini, yamekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera.

Linaloniuma zaidi ni yanayokuja baada ya ruhusa. Mtoto akiamka na kuomba uji, familia inachinja kuku, faili linafungwa. Kampala waliwafuata watoto walionusurika malaria ya ubongo na baada ya miaka miwili wakakuta kama mmoja kati ya wanne ana upungufu wa kufikiri, kukumbuka au kutulia katika jambo moja. Blantyre waliwafuata 132. 12 walipata kifafa baadaye, na katika watoto 264 wa kulinganishwa nao hakupata hata mmoja. Seli za neva zilizokosa hewa na sukari zinaweza kuacha kovu, na kovu linaweza kugeuka mahali pa kuanzia umeme mpya.

Mpwa wangu yuko darasa la nne. Kwa muda mrefu shuleni waliandika kwamba ni mvivu na hasikilizi. Alikuwa anaganda. Katikati ya sentensi macho yanabaki mahali pamoja, midomo inatafuna kitu kisichokuwepo, kisha anarudi akiwa amepoteza nusu ya ubao. Viboko vya kutosikiliza alivila kwa sababu hiyo. Dada yangu ndiye aliyeunganisha mambo, akamrudisha hospitali na kuwaeleza habari ya homa ile ya zamani, na ndipo kikatajwa kifafa. Sasa anatumia kabamazepini, dawa inayochelewesha milango ya sodiamu kwenye neva isifunguke mfululizo, na kuganda kumepungua mno. Majirani wawili bado hawataki anywe kwenye kikombe cha watoto wao. Nimewaeleza kwamba mate hayabebi kifafa, kwamba hata siku akianguka jikoni wamvute mbali na moto bila kuogopa povu, na mmoja ameanza kuelewa.

Mtoto wako akiruhusiwa baada ya malaria ya ubongo, omba iandikwe kwenye kadi yake kwamba alipoteza fahamu na kwa muda gani. Mrudishe apimwe usikivu, kuona na namna anavyotembea. Mwalimu wake aoneshwe kadi hiyo. Na akianzishiwa dawa za kifafa zisikatwe ghafla, maana degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Dada yangu hutenga nauli ya kuzifuata wilayani kabla hajagusa pesa nyingine ya mwezi.